Kumuuguza mwenye mapafu yaliyochoka: mwongozo kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Baba yangu alipasua mbao Mufindi kwa zaidi ya miaka 20. Jioni akirudi anakaa jikoni, anaota moto, anavuta sigara yake. Alipoanza kukohoa tulisema ni baridi ya Mafinga. Alipoanza kusimama mara tatu kabla hajafika bombani tukasema uzee umeingia. Miaka minne ikapita hivyo: huku anapewa dawa ya pumu, kule antibayotiki, na mara moja akaanzishiwa dozi ya TB pasipo mtu kupima makohozi yake. Siku alipopuliza kwenye spirometa, mashine ya kupima nguvu ya pumzi, ndipo tukaambiwa jina: ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ambao madaktari huutaja kwa herufi nne, COPD.

Mimi si daktari. Nilimuuguza baba nyumbani miaka sita, na haya ndiyo ningetamani mtu aniambie mwaka wa kwanza. Majina ya dawa utayakuta, dozi hutazikuta. Dozi atakupa daktari wako. Mgonjwa wa mapafu anaonana na daktari labda mara moja kwa mwezi, dakika kumi. Siku zote zilizobaki ni zako wewe unayelala naye nyumba moja.

Hatua ya 1: Jueni mnauguza nini

Kwetu neno "kifua" linabeba kila kitu, na hapo ndipo miaka inapopotea. Kikohozi kikifika wiki 2, makohozi yapimwe TB kwanza. Vipimo na dawa zake ni bure. Pimeni na VVU mapema, maana utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliziweka Njombe, Iringa na Mbeya juu kabisa kwa maambukizi, na mapafu ya mtu asiyejua hali yake huharibika haraka.

TB ikipona inaweza kuacha makovu. Mtu amemaliza dozi, vipimo ni safi, lakini bado anahema akipanda kilima. Huyo anaweza kuwa na mabaki ya TB kwenye mapafu, na asianzishiwe dozi upya bila kipimo kipya.

Mwelezeni daktari kazi alizowahi kufanya mgonjwa, hata za zamani: dhahabu Chunya, mbao Mufindi, mashine za kukoboa mpunga Mbarali, na kama bado mnaye mzee wa Wenela aliyekwenda machimbo ya Afrika Kusini, semeni. Vumbi la mawe hukaa kwenye mapafu kwa miongo na huikaribisha TB. Na kama mgonjwa ni mama ambaye hajawahi kushika sigara, usikubali kuambiwa kwamba COPD haiwezi kuwa yake. Miaka 40 ya kuni inatosha. Utafiti uliofanyika Mang'ula, bondeni Kilombero, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwakuta na ugonjwa huu zaidi ya watu 17 katika kila 100 waliopimwa wenye miaka 35 na kuendelea, na karibu wote walikuwa watu wa kuni na mkaa.

Ombeni kipimo cha spirometa. Si kila hospitali ya wilaya inayo, kwa hiyo pigeni simu kwanza hospitali ya rufaa ya mkoa au ile ya kanda Mbeya kabla ya kula nauli. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza ana haki ya msamaha wa matibabu. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa iandaliwe kabla, msiifuate mkiwa tayari dirishani.

Mkishapata jina, muelewe na kinachotokea ndani. Katika COPD mirija ya hewa imevimba na kusinyaa, na vifuko vidogo vya hewa vimelegea. Hewa inaingia, ila haitoki yote; inanaswa ndani, kifua kinajaa, nafasi ya pumzi mpya inakosekana. Ukilishika hili, karibu kila hatua inayofuata utaielewa yenyewe. Mapafu hayatarudi yalivyokuwa. Lakini baba aliyekuwa hafiki bombani alikuja kutembea hadi kanisani, kwa mapafu yaleyale.

Hatua ya 2: Fungua daftari siku nzuri, usingoje siku mbaya

Daktari atauliza, "Leo hali imebadilikaje?" Bila daftari utajibu, "Amezidiwa," na jibu hilo halimsaidii. Daftari la shule linatosha. Katika siku za kawaida andika: anahema mara ngapi kwa dakika akiwa ametulia (mtu mzima mwenye afya ni kati ya 12 na 20, hesabu kifua kikipanda, tumia saa ya simu, na usimwambie unahesabu maana atabadilisha), makohozi ni mengi kiasi gani na rangi gani, analalia mito mingapi, anafika wapi bila kusimama.

Mkiweza kununua kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, andikeni na namba yake. Hapa wengi hukosea: wanasoma kwenye simu namba ya mtu wa pwani, wanaogopa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, Kitulo ni zaidi ya 2,600, wakati Kyela ziwani ni kama 500. Kadiri unavyopanda ndivyo oksijeni inavyopungua kwa kila pumzi, kwa hiyo namba ya mtu wa Kyela na ya mtu wa Makete haziwezi kufanana. Namba ya kuijua ni ya mgonjwa wako, nyumbani kwake, siku yake nzuri. Vidole viwe vimepata joto, visiwe na rangi ya kucha wala piko. Na mgonjwa wa bondeni akialikwa harusi au msiba Makete, asipande bila dawa zake mkononi.

Hatua ya 3: Mtoe kwenye moshi bila kumtoa kwenye familia

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko dawa yoyote utakayonunua.

Sigara kwanza. Kuacha ndiko kunakopunguza mwendo wa kuharibika kwa mapafu, hata kwa mtu wa miaka 70. Baba aliacha mara tatu kabla hajaacha kweli. Tulichojifunza: usimfokee akirudia, ondoa kiberiti na kisahani cha majivu ndani, na waombe marafiki zake wavutie nje. Wajukuu wanaovuta ndani ya nyumba nao wanahusika.

Kisha jiko. Katika nyumba zetu nyingi jikoni ndipo sebule ya wazee: moto upo, habari zipo, wajukuu wapo. Ukimwambia mzee asiingie jikoni mwezi wa saba Njombe, umemfukuza kwenye ukoo. Sisi tulifanya kinyume, tukauhamisha moto. Tuliezeka banda dogo la kupikia nyuma ya nyumba, lenye uwazi mkubwa juu ya ukuta pande mbili, na lile jiko la zamani tukaliacha liwe chumba cha kukaa bila moto. Asiyeweza kujenga aweke jiko banifu lenye bomba la moshi linalopita juu ya paa, maana bomba linaloishia chini ya paa hurudisha moshi ndani. Kuni zianikwe hadi zikauke kweli. Maharage yalowekwe usiku, sufuria ifunikwe, moto uwashwe muda mfupi zaidi.

Mwenye uwezo wa gesi au sufuria ya presha ya umeme aanze na vyakula vinavyochukua muda mrefu, kama maharage na makande. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama kuni na mkaa ifikapo 2034, lakini mgonjwa wako hawezi kusubiri hadi hapo. Ikiwa mtungi mmoja ndio mlio nao, utumike siku za mvua na baridi, pale ambapo milango hufungwa na moshi hauna pa kutokea.

Kuhusu joto: jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata likiwa halitoi moshi. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wazima wenye mapafu mazima wakiwa usingizini. Badala yake tulitumia chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga miguuni, kofia ya sufu, soksi, blanketi mbili, na kuota jua asubuhi upande wa nyumba usio na upepo. Hewa ya baridi kali hubana mirija. Akitoka alfajiri ajifunike pua na mdomo kwa skafu na avute hewa kwa pua.

Msimu wa kupukuchua mahindi na kufagia ghala, mpelekeni kwa jirani. Vumbi lile halina huruma.

Hatua ya 4: Hakikisha dawa inafika kwenye mapafu

Baba alitumia pampu karibu mwaka mzima akiipulizia kwenye ulimi, kama mtu anayejipulizia marashi. Hakuna aliyemwonyesha, na sisi hatukuuliza. Dawa ya kuvuta inayoishia mdomoni ni pesa iliyotupwa.

Pampu ni za aina mbili. Ya kuokoa, mara nyingi salbutamol ya rangi ya bluu, hufungua mirija kwa haraka anapobanwa. Ya kuzuia hutumika kila siku hata akiwa mzima. Wengi huiacha hii ya pili kwa sababu haileti nafuu palepale. Kama ya kuzuia ina steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, asukutue mdomo kwa maji na kutema kila baada ya kuvuta, vinginevyo fangasi huota kinywani.

Wazee wengi hawawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, na chupa ya maji ya nusu lita inalimaliza tatizo hilo. Chupa kama hiyo ilijaribiwa kwa watoto wenye pumu Afrika Kusini na daktari Heather Zar na wenzake, majibu yakachapishwa mwaka 1999: ilifanya kazi sawa na vifaa vya dukani. Chukua chupa safi, kavu. Weka mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa, uchore umbo lake kwa kalamu. Pasha waya au ncha ya kisu moto, kata tundu dogo kidogo kuliko mchoro ili pampu ibane, kisha ziba pembeni kwa gundi ya karatasi. Ioshe kwa maji ya sabuni na uianike. Usiifute kwa kitambaa ndani, maana plastiki iliyosuguliwa huivuta dawa ikaganda ukutani mwa chupa.

Kutumia: tikisa pampu, ichomeke kwenye kitako. Mgonjwa akae wima, atoe pumzi taratibu, afunge midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja tu. Avute polepole kwa mdomo hadi kifua kijae, ashikilie pumzi akihesabu hadi 10. Akiwa amebanwa sana na hawezi kushikilia, apumue kawaida ndani ya chupa mara tano. Subirini kama nusu dakika, tikiseni tena kabla ya kubonyeza mara ya pili. Kubonyeza mara mbili kwa mkupuo ni kupoteza dawa.

Pampu nyingi hubeba mipulizo 200 na baadhi hazina kihesabio. Dawa ikiisha hewa huendelea kutoka, mkadhani bado ipo. Andika tarehe ya kuanza kwenye daftari: anayetumia mipulizo 8 kwa siku atamaliza siku ya 25. Pampu mpya itafutwe siku ya 20.

Neno kuhusu duka la dawa muhimu. Prednisolone hupunguza uvimbe wa mirija na mgonjwa hujisikia mpya ndani ya siku mbili, ndiyo maana watu huirudia wenyewe kila wakibanwa. Ikitumiwa ovyo hupandisha sukari, hulainisha mifupa, hufungua mlango wa maambukizi. Ni dawa ya siku chache kwa maelekezo ya daktari. Na kila mnapokwenda kutibiwa jambo lingine, semeni mapema kwamba mgonjwa ana mapafu: zipo dawa za moyo na presha kama propranolol, hata matone ya macho ya timolol, zinazoweza kumbana pumzi; nyingine za presha kama captopril na enalapril huleta kikohozi kikavu ambacho mtalaumu mapafu bure.

Hatua ya 5: Mfundishe kutoa pumzi, kisha mtembeze

Kumbuka hewa iliyonaswa. Avute kwa pua akihesabu moja, mbili. Kisha abane midomo na kuitoa polepole akihesabu hadi nne, kama anayepoza uji wa moto. Asipulize kama anayewasha kuni mbichi. Nguvu ile hufunga mirija. Akibanwa, aegemee mbele, viwiko juu ya meza au juu ya magoti, mabega yalegee. Njiani aegemee ukuta au mti. Kupanda ngazi au kilima, na huku kwetu kilima hakikwepeki, avute akiwa amesimama na atoe pumzi anaponyanyua mguu.

Makohozi yanayong'ang'ania yatolewe asubuhi: pumzi ndefu mara tatu au nne kwa utulivu, kisha apulize kwa mdomo wazi kama anayetia ukungu kwenye kioo, mara mbili, halafu akohoe. Maji ya kunywa ya kutosha hulainisha, isipokuwa kama daktari amempimia maji kwa sababu ya moyo au figo.

Sasa mazoezi, ambayo familia nyingi huyazuia kwa upendo. "Pumzika mzee, usijichoshe." Kumbe akikaa tu misuli ya mapaja inayeyuka, na misuli dhaifu hudai oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ileile. Kuhema wakati wa zoezi hakumwumizi. Aanze na dakika 5 za kutembea sehemu tambarare, mara mbili kwa siku, aongeze dakika moja au mbili kila siku chache hadi afike 20 au 30. Aongeze kusimama na kukaa kwenye kigoda bila kushika, mara 5, kisha 10. Na kunyanyua chupa za maji za nusu lita kwa mikono. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: aweze kusema sentensi fupi. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache na daktari aambiwe. Nafuu huonekana baada ya wiki 6 hadi 8, kwa hiyo daftari litawapa moyo wakati macho bado hayaoni kitu.

Kuoga kuwe kwa kukaa, na brashi ya kusugulia mgongo iwe ya mpini mrefu. Mpeni viatu vya kuvaa bila kuinama.

Hatua ya 6: Chakula

Mgonjwa wa mapafu hukonda, na kukonda ni dalili mbaya. Tumbo likishiba sana hukisukuma kifua, kwa hiyo ale kidogo mara tano au sita. Hapa tuna bahati: parachichi la Rungwe na Njombe lina mafuta na nguvu nyingi katika vijiko vichache. Maziwa, mayai, karanga za kusaga kwenye uji, dagaa wa Nyasa. Apumzike nusu saa kabla ya kula. Ulanzi na pombe nyingine, sawa na dawa za usingizi, hupunguza msukumo wa kupumua usiku. Mimi nilikubaliana na baba apate kikombe kimoja Jumapili mchana, na sitajifanya nilishinda zaidi ya hapo.

Hatua ya 7: Panga siku mbaya kabla haijafika

Siku mbaya huanza siku mbili tatu kabla. Tazama mambo matatu: kuhema kumeongezeka, makohozi yameongezeka, makohozi yamegeuka rangi kuwa ya njano iliyokolea au kijani. Mawili yakikutana, mwende kituo cha afya siku hiyohiyo na daftari mkononi. Kipimo chetu kingine kilikuwa salamu. Jirani akimwambia kamwene anaitikia. Akishindwa kumalizia habari za watoto na shamba kwa pumzi zake za kawaida, nilijua.

Haya hayasubiri asubuhi: hawezi kumaliza sentensi, anahema zaidi ya mara 30 kwa dakika, ulimi na fizi zimekuwa za buluu au kijivu, amesinzia isivyo kawaida au anachanganya maneno, anatema damu, au kifaa cha kidoleni kimeshuka chini ya 88 na siyo kawaida yake. Miguu ikianza kuvimba taratibu, hiyo nayo ni safari ya hospitali, kwa sababu moyo umeanza kuelemewa.

Mpango uwe umeandikwa nyuma ya daftari: simu za madereva wawili wa bajaji au gari wanaokubali kutoka usiku, nauli iliyowekwa pembeni isiyoguswa, orodha ya dawa, kadi ya bima. Bodaboda haifai kwa mtu anayekosa pumzi katika baridi ya usiku. Njiani akae wima, dirisha wazi kidogo, aendelee na pampu kwa chupa kama alivyoelekezwa.

Hatua ya 8: Oksijeni ya nyumbani, kama imeandikwa

Oksijeni ni dawa, ina dozi. Katika COPD madaktari wengi hulenga 88 hadi 92, kwa sababu ikizidi inaweza kumfanya ahifadhi hewa chafu na kusinzia. Kwa hiyo usiongeze mwenyewe kwa kuona anahema. Anayeihitaji ya kudumu huitumia angalau saa 15 kwa siku. Mashine ya kuzalisha oksijeni, ile ya lita 5 kwa dakika, hula kama wati 350. Saa 15 ni uniti 5 na kitu, zaidi ya 150 kwa mwezi, na itawatoa kwenye kundi la watumiaji wadogo wa uniti 75. Piga hesabu ya luku kabla ya kuleta mashine, na uliza hospitali kuhusu mtungi wa akiba wa siku za umeme kukatika. Moto, mshumaa, sigara vikae mbali na chumba hicho kabisa.

Hatua ya 9: Usiku mrefu

Mtu aliyewahi kukosa pumzi anaishi na woga wa kuikosa tena. Baba alianza kukataa kulala, akikaa kitini hadi alfajiri. Tulimwekea mito mitatu, taa ndogo, na kengele ya mbuzi karibu na mkono. Kengele ile aliipiga mara mbili tu kwa mwaka mzima, lakini alilala.

Kumpepea usoni, kuanzia mashavuni hadi puani, hupunguza hisia ya kukosa hewa. Kipepeo cha ukili kinafaa kama cha umeme. Na ugonjwa ukifika mbali, ulizeni kitengo cha tiba shufaa (tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa) cha hospitali yenu kuhusu mofini ya maji kwa kiwango kidogo. Wengi hukimbia wakisikia jina hilo. Ikitolewa kwa kipimo na wanaoijua, inaweza kutuliza kuhema ambako pampu imeshindwa, na mgonjwa anaweza kuongea na watoto wake. Ulizeni wakati bado anaweza kujibu anataka nini: kulazwa au kubaki nyumbani, nani aitwe, nani asimamie shamba. Sisi tuliuliza jioni moja ya Agosti, tukiwa tumekaa upande wa jua, na alijibu yote bila kusimama kuvuta pumzi.